Vitafunio vya nyumbani kwa familia kubwa: unachoweza kuwapikia watoto Nakivale kwa pesa kidogo

Saa kumi jioni watoto wamerudi kutoka shule. Asubuhi walikunywa uji, na chakula cha usiku hakitakuwa tayari kabla ya saa mbili. Hapo katikati kila mmoja anakuja na neno lile lile: "Mama, nina njaa." Huna cha kuwapa haraka, kwa hiyo unatoa pesa. Wanakimbilia dukani na kurudi na biskuti au pipi. Baada ya nusu saa njaa imerudi, na pesa haipo.

Familia nyingi za Nakivale, na za vijiji jirani vya wilaya ya Isingiro, zinaijua hali hii. Tangu mwaka 2023, wakimbizi nchini Uganda wamewekwa katika makundi kulingana na mahitaji yao, na msaada wa chakula umepungua kwa wengi. Pesa inayotoka kwa ajili ya biskuti ni pesa iliyotakiwa kununua maharage.

Makala hii inakueleza jinsi ya kuwapikia watoto wengi vitafunio vyenye lishe kwa vitu vinavyopatikana sokoni au shambani kwako, bila kuwasha moto wa ziada kila mara.

Kwa nini mtoto anahitaji kula kati ya milo?

Tumbo la mtoto ni dogo. Hawezi kula kwa mara moja chakula cha kumtosha siku nzima, hata ukimjazia sahani. Ndiyo maana wataalamu wa afya wanashauri kwamba mtoto wa miezi 9 hadi 23 anayenyonya ale mara 3 au 4 kwa siku, na apewe kitafunio mara 1 au 2 zaidi akihitaji. Mtoto wa shule naye anatembea, anacheza na anachota maji. Akikaa saa nane bila kula, kusoma kunamshinda.

Lakini kumbuka: kitafunio kinaongezea mlo, hakichukui nafasi yake. Kitafunio kizuri ni chakula kidogo chenye nguvu ndani yake. Biskuti na soda ni unga mweupe, sukari na maji. Zinanyamazisha njaa kwa muda mfupi tu.

Piga hesabu kwanza

Tuseme una watoto saba, na kila mmoja unampa shilingi 500 za kununua kitu dukani. Kwa siku ni shilingi 3,500. Kwa wiki ni shilingi 24,500. Sasa nenda sokoni uulize bei ya kilo moja ya karanga na ya kilo moja ya viazi vitamu. Bei hubadilika kwa msimu na kwa soko, kwa hiyo tumia bei ya siku hiyo.

Kilo moja ya karanga, ikikaangwa na kusagwa, inatoa vijiko vikubwa 60 hivi. Watoto saba wakipata kijiko kimoja kila siku, kilo hiyo inafika siku nane. Viazi vitamu kilo moja vinawatosha watoto saba kwa jioni moja. Linganisha jumla hiyo na pesa ya dukani ya siku hizo hizo, kisha uamue.

Nunua karanga na mahindi baada ya mavuno, bei inaposhuka. Majirani wawili au watatu, mkimbizi na mwenyeji, wakichanga na kununua gunia moja, mara nyingi kila mmoja hulipa kidogo kuliko yule anayenunua kwa kikombe cha tumpeko kila siku.

Moto mmoja, kazi mbili

Wengi huacha kupika vitafunio kwa sababu ya mkaa, si kwa sababu ya chakula. Basi usiwashe jiko kwa ajili ya vitafunio peke yake. Maharage ya usiku yakishaiva, mkaa uliobaki kwenye sigiri (wengine mnaita mbabula) bado una moto. Hapo hapo weka sufuria ya viazi kwa ajili ya kesho, au kaanga karanga. Asubuhi, uji ukitoka, kaanga mbegu za maboga kwenye moto ule ule. Ukiloweka maharage usiku kucha yataiva mapema, na mkaa utakaobaki utakuwa mwingi zaidi.

Vitafunio vitano vya kuanzia

*1. Viazi vitamu vya rangi ya machungwa na karanga za kusaga*

Hivi ni viazi ambavyo ndani vina rangi kama ya karoti. Tanzania huviita viazi lishe. Rangi hiyo ndiyo inayoupa mwili vitamini A, ambayo hulinda macho na kumsaidia mtoto kupambana na magonjwa. Kiazi kimoja kidogo cha gramu 125, kikichemshwa, kinaweza kumtosheleza mtoto mdogo mahitaji yake ya vitamini A kwa siku. Mtaalamu wa mbegu wa Uganda, Robert Mwanga, ndiye mmoja wa walioviendeleza viazi hivi. Mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani pamoja na wenzake watatu.

Osha viazi, usivimenye. Weka maji kidogo chini ya sufuria, panga viazi, funika kwa majani ya mgomba kisha mfuniko. Vitaiva kwa mvuke, na maji yanayotumika ni machache. Mpe kila mtoto kipande pamoja na kijiko cha karanga za kusaga. Mafuta ya karanga yanausaidia mwili kuipokea vitamini A.

Ukipata vipando kwa jirani, panda mvua zinapoanza. Hata eneo dogo karibu na mahali pa kunawia, panapopata maji, linatosha kutunza vipando wakati wa kiangazi.

*2. Uji wa mahindi na soya wenye dagaa*

Changanya vikombe vitatu vya mahindi au mtama na kikombe kimoja cha soya. Soya lazima ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa. Ikiwa mbichi humsumbua mtoto tumboni, na mwili hauitumii ipasavyo. Peleka mchanganyiko kwenye mashine ya kusaga.

Dagaa wakavu (ndagala kwa Warundi, sambaza kwa Wakongomani wengi, mukene kwa Waganda) wachambue, waondoe mchanga, wakaange bila mafuta, kisha watwange wawe unga. Uji ukikaribia kuiva, tia kijiko kimoja cha unga huo kwa kila kikombe. Mtoto hapati mfupa wa kumkwama, lakini anapata nguvu yote ya samaki, pamoja na madini ya kuimarisha mifupa.

*3. Kabalagala*

Ndizi ndogo zilizoiva sana, ambazo sokoni huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu ngozi yake imeshakuwa nyeusi, ndizo zinazofaa hapa. Ponda ndizi 12, ongeza unga wa muhogo kidogo kidogo, vikombe viwili hivi, mpaka donge lisishike mikononi. Usitie sukari, ndizi zenyewe ni tamu. Sukuma, kata viduara, kaanga kwa mafuta kidogo. Mafuta yakiwa ghali, yafanye membamba na uyachome kwenye kikaango kama chapati. Kabalagala hukaa mpaka siku ya pili, kwa hiyo mtoto anaweza kwenda nazo shule.

*4. Mbegu za maboga*

Familia nyingi hupika boga na kutupa mbegu. Usizitupe. Zioshe, zianike juani siku mbili, zikaange bila mafuta mpaka zianze kupasuka, kisha nyunyiza chumvi kidogo. Zina protini na madini ya chuma. Watoto wadogo watwangie, uchanganye kwenye uji au kwenye viazi vilivyopondwa.

*5. Bisi*

Mahindi ya bisi ni aina yake, mahindi ya kawaida hayapasuki vizuri. Robo ya tumpeko ya mahindi hayo inajaza sufuria kubwa. Tia kijiko kimoja cha mafuta, funika, tikisa sufuria mpaka milio ikome. Bisi hujaza tumbo kwa pesa kidogo sana, lakini hazina lishe ya kutosha peke yake. Wape pamoja na karanga, yai la kuchemsha au kikombe cha maziwa ukiyapata.

Msimu wa maembe, mapapai na maparachichi ukifika, matunda ndiyo kitafunio rahisi kuliko vyote. Parachichi moja likipondwa pamoja na kiazi linawatosha wadogo wawili.

Nani apewe nini?

- Chini ya miezi 6: maziwa ya mama tu. Asipewe maji, uji wala chai.
- Miezi 6 hadi mwaka 1: viazi au ndizi zilizopondwa laini, uji mzito wenye dagaa au karanga za kusaga. Asipewe asali.
- Mwaka 1 hadi 5: vyakula vyote vilivyotajwa, ila karanga na mbegu zitwangwe au zisagwe, na bisi asipewe. Karanga nzima inaweza kuingia kwenye njia ya hewa na kumuua mtoto.
- Zaidi ya miaka 5: vyote, akiwa amekaa chini, si huku anakimbia.

Katika familia kubwa, wakubwa huwahi na wadogo hubaki na mabaki. Gawa wewe mwenyewe, au mpe kazi hiyo mtoto mmoja mkubwa unayemwamini, na kila mdogo awe na sahani au kikombe chake. Mama mjamzito na anayenyonyesha naye apate sehemu yake. Wengi hujisahau.

Mtoto akila karanga kwa mara ya kwanza, mpe kidogo sana na umwangalie. Akivimba uso, akitoka vipele au akihema kwa shida, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Mambo ya kuangalia

*Karanga na mahindi yenye ukungu.* Usinunue karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye uchungu, hata kama bei ni ndogo. Ukungu huo huacha sumu inayoharibu ini, na kukaanga hakuiondoi yote. Nyumbani anika mazao juu ya turubai, si juu ya udongo, na uweke gunia juu ya mbao.

*Muhogo mchungu.* Unga wake lazima utokane na muhogo uliolowekwa siku kadhaa na kukaushwa vizuri. Ukitengenezwa kwa haraka una sumu inayoweza kudhoofisha miguu ya mtoto kwa maisha yake yote. Nunua kwa mtu unayejua anavyoutengeneza.

*Mikono na maji.* Mpishi anawe kwa sabuni kabla ya kupika, na watoto wanawe kabla ya kula. Uji uliokaa zaidi ya saa mbili usimpe mtoto mdogo.

*Chai.* Chai ya majani pamoja na chakula huuzuia mwili kuchukua madini ya chuma. Iwe saa moja au zaidi baada ya kula, na wadogo wapewe maji safi.

Mfano wa wiki moja

- Jumatatu: viazi na karanga za kusaga
- Jumanne: uji wa soya na dagaa
- Jumatano: kabalagala na tunda
- Alhamisi: viazi na mbegu za maboga
- Ijumaa: uji wa soya na dagaa
- Jumamosi: bisi na karanga (wadogo wapewe viazi vya kupondwa)
- Jumapili: kabalagala, au kile kilichobaki

Huhitaji kuanza na vyote. Wiki hii chagua kimoja, uone watoto wanavyokipokea na pesa inavyokwenda. Wiki ijayo ongeza cha pili.

Ukiona mtoto anadhoofika

Vitafunio havitibu utapiamlo. Kama mtoto wako wa miezi 6 hadi miaka 5 amepungua, hana hamu ya kula au anaumwa mara kwa mara, mwombe mhudumu wa afya wa kijiji, yaani VHT, ampime mkono kwa ule utepe wenye rangi. Kipimo chini ya sentimita 12.5 ni dalili ya utapiamlo. Chini ya sentimita 11.5 ni hali mbaya inayohitaji matibabu haraka. Miguu yote miwili ikivimba, usisubiri kipimo, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hili linawahusu wakimbizi na wenyeji sawasawa.

Na jioni ya leo, kabla hujazima mkaa, weka sufuria ya viazi juu yake. Kesho saa kumi, watoto watakapokuja na neno lao, utakuwa na cha kuwapa.