Land Rover ya marehemu mzee: ifufuliwe au iuzwe kwa kilo?

Si jambo geni, ukipita vijiji vya Mbulu, Kilosa au Njombe, kukuta Land Rover ya zamani imeegeshwa nyuma ya nyumba, matairi yamelala na kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Mwenyewe alishafariki. Siku mnunuzi wa vyuma chakavu akifika na mizani yake, familia hugawanyika. Mmoja anataka iuzwe, watoto walipiwe mahitaji ya shule. Mwingine anataka ifufuliwe ibebe mazao.

Wote wawili wana hoja, na hesabu ndiyo itakayowaamua. Bahati mbaya wengi humwita fundi kwanza, wakaanza kununua spea moja moja kila wakiuza mahindi, na baada ya misimu mitatu gari bado liko juu ya mawe.

Gari lenyewe halina ubaya. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na Series III, ambayo wengi wetu tunaifahamu, ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Bodi yake ni ya alumini, haili kutu kama bati. Tena karibu kila kitu kimefungwa kwa bolti. Kiwanda cha Thika, Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1974, kilikuwa kikizipokea zikiwa vipande vipande na kuziunganisha hapo. Gari lililofungwa kwa spana hufunguka kwa spana, hata chini ya mwembe.

Tatizo ni chesisi. Hiyo ni chuma, na huoza kuanzia ndani wakati bodi inang'aa. Chukua nyundo ndogo na bisibisi, lala chini, gonga taratibu mahali springi zinaposhikiliwa, kisha mhimili wa nyuma kabisa unaobeba ndoano ya kuvutia tela. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito, na bisibisi huzama. Usidanganywe na lami au rangi nyeusi mpya. Tundu moja au mawili mchomeleaji ataziba, lakini kama sehemu zote za springi zimekwisha, mwite mwenye mizani.

Chesisi ikiwa nzima, sasa kaa na kalamu. Namba zifuatazo ni za mfano tu, weka za kijijini kwako. Tuseme soko liko kilomita 40 kwa barabara nzuri. Kwenda na kurudi ni kilomita 80, na injini ya petroli ya 2,286 cc hutumia lita moja kwa kilomita 6 hivi. Hizo ni lita 13 na zaidi. Kwa petroli ya Sh 3,000, ni karibu Sh 40,000. Ukibeba gunia nane za kilo 100, kila gunia limekula Sh 5,000 ya mafuta peke yake. Ikiwa Fuso inabeba gunia hilo hilo kwa Sh 3,000, umeshashindwa kabla hujamlipa dereva.

Lakini Fuso haiingii shambani mwezi wa nne. Hapo ndipo mkulima hulipa kwa punda na pikipiki, au huacha mzigo unyeshewe. Tuseme kutoka shamba hadi barabarani ni kilomita 8 za tope, na kulitoa gunia kwa punda ni Sh 3,500. Land Rover kwa gia nzito itakwenda kilomita 4 kwa lita. Kilomita 16 ni lita 4, yaani Sh 12,000, au Sh 1,500 kwa gunia. Toa Sh 500 nyingine za oili, matairi na dereva. Unabakiwa na Sh 1,500 kwa kila gunia.

Sasa uliza: bonde lenu zima lina gunia ngapi zinazokwama kila mwaka? Zikiwa 400, faida ni Sh 600,000 kwa mwaka, Sh 3,000,000 kwa miaka mitano. Hicho ndicho kiwango cha juu cha kutumia kwenye matengenezo, na fundi akitaja milioni tano, jibu unalo. Mwenye gunia 60 zake mwenyewe, bila majirani, atapata Sh 450,000 kwa miaka hiyo mitano. Huenda isitoshe matairi manne mapya.

Hesabu ikikubali, msikimbilie kuliwasha. Injini iliyolala miaka hutiwa oili kidogo kupitia matundu ya plagi, ikaachwa siku mbili tatu, kisha ikazungushwa kwa ule mpini wa mkono unaochomekwa mbele. Ikigoma msitumie nguvu. Ongezeni oili na subira. Petroli ya zamani imwagwe yote na tangi lioshwe, maana hugeuka ulimbo na kuziba kabureta.

Fedha ya kwanza iende kwenye breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, kwa hiyo silinda za magurudumu huwa zimeliwa kutu kwa ndani hata kama pedali inaonekana ngumu. Badilisha mipira na mabomba yote. Matairi nayo, hata yakiwa na meno, soma tarakimu nne ubavuni: 1419 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2019.

Limebaki suala la karatasi. Wapo wanaoogopa kufika TRA kwa hofu ya malimbikizo ya ada ya mwaka ya leseni ya gari. Ada hiyo ilifutwa mwaka 2017 na madeni ya nyuma yakasamehewa. Kinachokwamisha ni kadi yenye jina la marehemu. Ukoo uteue msimamizi wa mirathi, athibitishwe mahakamani, ndipo umiliki uhamishwe, na namba ya chesisi na ya injini zilingane na kadi. Bima nayo ni lazima. Na kwa kuwa hesabu yetu imetegemea gunia za majirani, ulizeni LATRA kuhusu leseni ya kubeba mizigo kwa malipo kabla ya mvua kuanza. Msimamizi huyo huyo ndiye pia mwenye haki ya kuliuza gari, hata kama ni kwa kilo.