Nduthi ya stima: betri ndiyo inayokupangia safari

Simama steji ya Kondele, umwambie mwenye nduthi ya stima akupeleke Maseno, kama kilomita 25 za kupanda mlima. Kabla ya kutaja bei, ataangalia chaji kwanza. Pesa zako anazitaka, ila anapiga hesabu ya kurudi.

Usidhani watu wa boda wanapenda petroli. Stima ni nafuu, tena injini ya kumwagia oili haipo. Kinachosumbua ni betri. Mara nyingi unauziwa pikipiki, betri inabaki ya kampuni. Ikiisha, unaenda kituoni kwao, unaacha tupu, unabeba iliyojaa, dakika chache umetoka. Raha sana, mradi kituo kiko karibu. Na kila kampuni, iwe Spiro, Ampersand au Roam, ina betri yake. Kituo cha wenzao utakipita hivi hivi, ukisukuma.

Petroli ikikuishia Usenge, hukosi duka lenye chupa ya lita moja. Betri haiuzwi kwa chupa.

Rais Ruto alizindua mpango wa pikipiki za umeme Mombasa, Septemba 2023. Lakini huku ziwani, Mbita, WeTu ilikuwa tayari ikichaji taa za wavuvi kwa jua, kisha ikaongeza betri za pikipiki. Kituo kilifuata watu walipo, hata ufuoni.

Kwa hivyo wewe unayetaka kuchukua mkopo wa nduthi hizi, kasi utauliza baadaye. Uliza ukitoka mjini kituo cha mwisho kiko wapi, na usiku kinafungwa saa ngapi.