Kiungio cha Nyuzi za Kioo katika Ndege za Vita

Uzi wa kioo upelekao habari kwa njia ya mwanga hauna taabu nyingi ukiwa mzima. Taabu huanza pale unapokatwa ili uungwe na mwenziwe. Na katika ndege hapana budi ukatwe, kwa kuwa vyombo vyake hutolewa na kurudishwa kila vinapotengenezwa. Kifaa cha kuungia chaitwa hapa kiungio, maana kiunganishi kimekwisha kushikwa na wanasarufi, na kiungo ni cha mwili na cha mchuzi.

Charles Kao na George Hockham walipoonyesha huko Uingereza mwaka 1966 kwamba kioo kilichotakaswa barabara chaweza kupeleka habari mbali, jambo lililokusudiwa lilikuwa mawasiliano ya simu. Wanajeshi walivutiwa na sifa nyingine: kioo ni chepesi kuliko shaba, wala habari zipitazo ndani yake hazivurugwi na radi au mawimbi ya rada. Mwaka 1976 Jeshi la Wanamaji la Marekani lilijaribu ndege ya A-7 ambayo baadhi ya nyaya zake za shaba zilikuwa zimebadilishwa kwa nyuzi za kioo.

Shida ni udogo wa kitu chenyewe. Uzi pamoja na ganda lake la kioo una unene wa mikromita 125, yaani thumuni ya milimita. Na kiini kipitishacho mwanga, katika aina iliyo nyembamba, hakizidi sana mikromita 9. Viini viwili vikipishana kwa mikromita chache tu, mwanga mwingi humwagika kando. Pakiwa na hewa kati yao, kama asilimia 4 ya mwanga hurudi nyuma katika kila uso wa kioo. Chembe moja ya vumbi yaweza kuziba njia yote.

Dawa ya kwanza ni kuugandisha uzi kwa gundi ndani ya kimrija cha kauri, kisha kuisugua ncha mpaka iwe na mgongo kidogo, ili vioo viwili visukumwapo na springi vigusane pasipo hewa. Katika jengo la simu hayo yatosha. Lakini ndege ya vita hutetemeka mfululizo, hupita katika baridi kali na joto kali, na kauri, gundi na chuma kila kimoja hutanuka kwa kadiri yake. Baya zaidi ni hitilafu itokeayo angani na kutoweka ndege itulipo: fundi hupima asione kitu, na rubani hurushwa tena na kasoro ile ile.

Dawa ya pili ni lenzi. Ya kwanza huupanua mwanga, ya pili huukusanya tena. Vioo havigusani, basi havichubuani, na chembe ya vumbi huwa ndogo mbele ya mwanga mpana. Hata hivyo mwanga hupotea zaidi kuliko katika kugusana, na mwinamo mdogo wa lenzi huupotosha. Kwa hiyo njia hii hufaa hasa mahali pafunguliwapo mara kwa mara penye vumbi na mafuta. Na hata hapo fundi hutakiwa aipanguse ncha na kuitazama kwa darubini kabla ya kuunga.