UWAJIBIKAJI WA SERIKALI KATIKA HUDUMA ZA AFYA: WATUMISHI NA FEDHA

Mtahiniwa, mada hii unaweza kuulizwa kama swali la utawala bora, la serikali za mitaa, la bajeti au la kazi za Bunge. Mzizi wake ni mmoja. Zahanati inapokosa muuguzi au dawa, nani anapaswa kujibu, kwa nani, na kwa njia gani? Ukilielewa swali hilo, hutahitaji kukariri orodha ndefu ya hoja.

1. Maana ya uwajibikaji

Uwajibikaji ni wajibu wa mwenye madaraka kueleza alichofanya na madaraka aliyopewa, kukubali kukaguliwa, na kuchukuliwa hatua akibainika kukosea. Kwa hiyo una sehemu tatu: maelezo, ukaguzi na hatua. Ikikosekana moja, uwajibikaji haujakamilika. Waziri anayetoa maelezo lakini hakaguliwi hajawajibika. Ripoti ya ukaguzi isiyofuatiwa na hatua yoyote inabaki karatasi.

Msingi wa kisheria ni Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Ibara ya 8 inaeleza kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote na kwamba Serikali itawajibika kwao. Kumbuka ibara hiyo, kwa sababu hoja zote zinazofuata zinaegemea hapo.

2. Nani anawajibika kwa lipi? Mfano wa Horohoro

Horohoro ipo wilayani Mkinga, mkoani Tanga, mpakani na Kenya. Ng'ambo ni Lunga Lunga, katika Kaunti ya Kwale. Mahali hapa panafaa kwa somo letu kwa sababu watumishi wa afya unaowakuta hapo hawako chini ya mamlaka moja.

Afisa afya anayewapima wasafiri mpakani anafanya kazi chini ya Wizara ya Afya. Muuguzi wa zahanati ya kijiji cha jirani yuko chini ya Halmashauri ya Wilaya, ambayo inasimamiwa na wizara ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Mgonjwa akipewa rufaa hadi Hospitali ya Bombo, mjini Tanga, amefika hospitali ya rufaa ya mkoa, na hapo anarudi tena mikononi mwa Wizara ya Afya.

Mwananchi anayelalamika tu kwamba "Serikali haitujali" anaweza kuwa na haki ya kulalamika, lakini hajamtaja wa kumjibu. Hatua ya kwanza ya kudai uwajibikaji ni kujua mlango wa kubisha.

3. Safari ya nafasi moja ya kazi

Tuchukue mfano wa kubuni. Zahanati fulani ya kijiji inahitaji wauguzi wawili lakini ina mmoja. Akienda likizo ya uzazi, wajawazito wa kijiji hicho hawana wa kuwazalisha. Nafasi ya pili inapatikanaje?

(a) Halmashauri huandaa ikama, yaani idadi ya watumishi wanaohitajika kwa kila kada, pamoja na bajeti ya mishahara yao.

(b) Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, hutoa kibali cha ajira.

(c) Wizara ya Fedha huhakikisha kuna fedha za mishahara, na Bunge huidhinisha bajeti hiyo.

(d) Nafasi hutangazwa, waombaji huchujwa, na aliyechaguliwa hupangiwa kituo.

(e) Mtumishi huripoti kazini. Hapo huja suala la nyumba, umeme na posho ya kujikimu, mambo yanayoamua kama atabaki au ataomba uhamisho.

Nafasi inaweza kukwama katika hatua yoyote kati ya hizo, na anayepaswa kujibu hubadilika kulingana na mahali ilipokwama. Kama halmashauri haikuomba nafasi, Mkurugenzi Mtendaji hawezi kuilaumu Hazina. Kama iliomba na kibali hakikutoka, si haki kumlaumu mganga mfawidhi wa zahanati.

4. Safari ya shilingi

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kuishia tarehe 30 Juni. Fedha za zahanati hutoka katika vyanzo kadhaa: ruzuku ya Serikali Kuu, mapato ya ndani ya halmashauri, michango ya wahisani kupitia Mfuko wa Pamoja wa Afya, bima na malipo ya papo kwa papo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, sehemu ya fedha hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo chenyewe badala ya kubaki halmashauri. Mabadiliko hayo yaliisogeza fedha karibu na mgonjwa, na pia yaliusogeza wajibu wa kuitolea hesabu hadi kwa mganga mfawidhi na kamati ya usimamizi ya kituo.

Baada ya matumizi huja ukaguzi. Ibara ya 143 ya Katiba inamtaja Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG). Hukagua hesabu na kumkabidhi Rais ripoti ifikapo mwisho wa Machi, kisha ripoti hupelekwa bungeni. Huko hujadiliwa na kamati mbili muhimu: Kamati ya Hesabu za Serikali (PAC), na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa (LAAC), ambayo huwahoji viongozi wa halmashauri kama Mkinga.

Hapa watahiniwa wengi huteleza. CAG anapoipa halmashauri hati inayoridhisha, maana yake ni kwamba hesabu zimeandaliwa kwa kufuata taratibu. Haina maana kwamba zahanati zina dawa au wauguzi wa kutosha. Halmashauri inaweza kupata hati safi huku wajawazito wakisafiri mbali kutafuta mkunga. Ndiyo maana upo pia ukaguzi wa ufanisi, unaouliza kama fedha iliyotumika ilileta huduma iliyokusudiwa.

5. Visa halisi vya kutumia katika majibu yako

Kisa cha kwanza: Tanzania, 2012. Mwanzoni mwa mwaka 2012 madaktari waligoma wakidai maslahi na mazingira bora ya kazi, na huduma katika Hospitali ya Taifa Muhimbili na nyinginezo zilivurugika. Februari, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kuwasimamisha kazi Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya na Mganga Mkuu wa Serikali. Aprili mwaka huohuo wabunge waliijadili kwa ukali ripoti ya CAG, na baadhi yao wakakusanya saini za kutaka kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Mwezi Mei Rais Jakaya Kikwete alilipanga upya Baraza la Mawaziri, na miongoni mwa walioachwa alikuwamo Waziri wa Afya. Hapa unaziona sehemu zote tatu: maelezo yalidaiwa, ukaguzi ulisomwa, hatua zikachukuliwa. Hata hivyo, mgomo mwingine ulitokea Juni. Kubadilisha viongozi peke yake hakukumaliza madai ya mishahara na vitendea kazi.

Kisa cha pili: Kenya na Tanzania, 2016 na 2017. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti sehemu kubwa ya huduma za afya, na kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Mwaka huohuo chama cha madaktari kilitia saini makubaliano ya mishahara na Serikali ya Kitaifa. Makubaliano hayakutekelezwa, na kaunti zilisema hazikuwa sehemu ya mkataba huo. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari waligoma, na mgomo ulidumu siku 100, hadi Machi 2017. Wajibu unapogawanywa bila kueleza wazi nani analipa, kila ngazi huitupia nyingine mpira, na anayeumia ni mgonjwa.

Machi 2017 Kenya iliiomba Tanzania madaktari 500, na Rais John Magufuli akakubali. Shauri likafunguliwa mahakamani nchini Kenya kupinga mpango huo, ukasimama. Aprili, Rais Magufuli aliagiza madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda Kenya waajiriwe na Serikali ya Tanzania. Tafakari hilo kwa makini. Madaktari hao walikuwa wamekwisha kuhitimu na walikuwa tayari kuvuka mpaka kutafuta kazi, ilhali hospitali za nyumbani zilikuwa na uhaba. Upungufu basi haukuwa wa wataalamu pekee. Ulikuwa pia upungufu wa nafasi zilizotengewa mishahara, na kutenga mishahara ni uamuzi wa bajeti. Uamuzi una mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuulizwa.

Kisa cha tatu: vyeti vya kughushi, 2017. Tarehe 28 Aprili 2017 Rais alikabidhiwa mjini Dodoma taarifa ya uhakiki iliyoonyesha watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakiwamo wa sekta ya afya. Kumwondoa asiye na sifa ni kumlinda mgonjwa, na hilo ni tendo la uwajibikaji. Lakini kila anayeondoka huacha pengo siku ileile, na kumpata mbadala huchukua hatua zote tulizoziona katika sehemu ya 3. Serikali inayowajibika hueleza mambo mawili: nani ameondoka, na lini pengo litazibwa. Ajira ziliendelea kutangazwa kwa awamu katika miaka iliyofuata. Kwa mfano, mwaka 2023 zilitangazwa nafasi 21,200 za walimu na watumishi wa afya, kati yake 8,070 zikiwa za afya.

6. Nafasi ya mwananchi

Uwajibikaji hauanzii bungeni. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaunda Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Huko mapato na matumizi ya kijiji husomwa, na diwani wako hubeba hoja hadi Baraza la Madiwani. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba kwa maandishi taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma.

Linganisha maswali mawili. La kwanza: "Kwa nini hamtuletei wauguzi?" La pili: "Ikama ya zahanati yetu ni watumishi wangapi, waliopo ni wangapi, na halmashauri iliomba nafasi ngapi katika bajeti ya mwaka huu?" Swali la kwanza hujibiwa kwa ahadi. La pili hujibiwa kwa namba, na namba inaweza kufuatiliwa mwakani.

7. Makosa ya kuepuka katika mtihani

(a) Kuandika kwamba uwajibikaji ni "kufanya kazi kwa bidii". Bidii ni jambo jema, lakini uwajibikaji ni kujibu mbele ya aliyekupa madaraka.

(b) Kudhani kila upungufu ni wizi. Nchi inaweza kuwa na fedha kidogo kweli. Mwaka 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na nchi nyingi hazijafikia kiwango hicho. Kosa ni kutoeleza kilichopo kimetumikaje na kwa nini kingine kimepewa kipaumbele.

(c) Kuchanganya kazi za CAG na za mahakama. CAG hukagua na kutoa taarifa, wala hahukumu.

(d) Kutaja hoja bila mfano. Hoja moja yenye mwaka, mahali na matokeo ina uzito kuliko hoja tatu tupu.

8. Maswali ya kujipima

1. Kwa kutumia sehemu tatu za uwajibikaji, changanua kisa cha mwaka 2012.
2. "Hati safi ya CAG ni ushahidi kwamba huduma za afya ni bora." Jadili.
3. Eleza hatua tano anazopitia mtumishi wa afya hadi kufika katika zahanati ya kijiji, na umtaje anayewajibika katika kila hatua.
4. Wewe ni mkazi wa kijiji kilicho karibu na Horohoro. Andika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ukiomba taarifa kuhusu watumishi wa zahanati yenu. Taja sheria inayokupa haki hiyo.

Ukimaliza swali la 4, isome barua yako upya na kujiuliza: mkurugenzi anaweza kuijibu bila kutaja namba hata moja? Kama anaweza, iandike tena.