Orodha ya Vitabu ni Ahadi kwa Mwanafunzi

Kila muhula unapoanza, wanafunzi wa vyuo vikuu hukabidhiwa orodha ya vitabu na makala wanayopaswa kuyasoma. Zamani orodha hiyo iligawiwa darasani ikiwa imepigwa chapa. Siku hizi aghalabu huwekwa mtandaoni, hasa tangu vyuo vilipofungwa mnamo Machi 2020 kwa sababu ya Korona. Hata hivyo, orodha isiyotunzwa karatasini haitatunzika mtandaoni kwa miujiza.

Mji wa Kakamega, makao ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, una wanafunzi wengi waliopanga vyumba mitaani. Hebu tumwazie mmoja wao, aliyepanga Amalemba. Usiku anaifungua orodha kwa simu yake, kwa data aliyoinunua kwa pesa zake. Anwani ya kwanza haifunguki. Ya pili yamtaka alipe kwa dola. Ya tatu ni kitabu chenye nakala moja tu maktabani. Isitoshe, orodha ina vitabu thelathini, na hakuna panapoonyesha kipi ni cha lazima.

Huenda makala hiyo ya dola imekwisha kulipiwa. Vyuo vyetu, kupitia muungano wa maktaba uitwao KLISC ulioanzishwa mwaka 2003, huchangia ada za majarida ya kielektroniki. Mhadhiri alipoinakili anwani akiwa chuoni, jarida liliutambua mtandao wa chuo likamfungulia. Mwanafunzi aliye nje hana budi kupitia lango la maktaba kwa nywila yake, na anwani aliyopewa haimpitishi huko. Hivyo anashinda na njaa mlangoni pa ghala lililojaa.

Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu yapasa ajitafutie. Ni kweli, kutafuta ni sehemu ya elimu. Lakini kupapasa kwa sababu umeelekezwa vibaya si utafiti. Wengine watalalamika kwamba mzigo wa kufundisha ni mzito, na malalamiko hayo yana haki. Ndiyo maana kazi hii haifai kuachiwa mhadhiri peke yake.

Mkutubi aipokee orodha majuma kadhaa kabla ya muhula, ahakikishe kila kilichotajwa kinapatikana, na aweke anwani zipitiazo lango la maktaba. Makala yenye kitambulisho cha kudumu, yaani DOI, yatajwe kwa kitambulisho hicho, maana kurasa huhama. Mhadhiri naye atenganishe cha lazima na cha ziada, ataje sura na juma la kuisoma, na aondoe kilichopitwa na wakati. Kupiga picha kitabu kizima na kukisambaza si dawa. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ipo. Wanafunzi nao wasinung'unike vichochoroni, bali waripoti mara moja anwani zilizokufa.

Mambo haya hayahitaji mitambo mipya. Yahitaji mhadhiri na mkutubi kuketi meza moja kabla ya kengele ya muhula kulia. Anayemwandikia mwanafunzi "soma hiki" amemwahidi kwamba kitu hicho kipo na kinafikika. Na ahadi, kama tujuavyo sote, ni deni.