Ada za Watazamaji wa Setilaiti

Ziko jamaa duniani ambazo hazikukusanywa na nasaba wala dini wala mji mmoja, na juu ya hayo zina ada zake za kupokea mgeni, za kumpa mtu heshima na za kugombana, zilizoshikwa kwa ukali usiopungua ule wa kabila lolote. Na miongoni mwao ni hii ya watu waliojipa kazi, bila ya kuombwa wala kulipwa, ya kujua kila roketi iliyorushwa, imerushwa wapi na saa ngapi, na imepeleka nini huko juu, kisha kumpasha khabari hiyo kila mwenye kuitaka. Asili yao ni tarehe 4 Oktoba 1957, Warusi waliporusha Sputnik, tufe la kilo 83.6 lililoizunguka dunia kwa dakika 96 hivi huku likitoa mlio katika masafa mafupi ya redio, ambao mtu yeyote mwenye redio nzuri aliweza kuusikia chumbani kwake. Serikali zikawa zingali zinatafuta la kusema, na mtu wa kawaida amekwisha kuwa shahidi.

Ada iliyo mama wa nyingine zote ni kuwa khabari isiyo na saa, mahali na jina la aliyeona haipokelewi. Mtazamaji wa Uingereza wa miaka ya 1960, ambaye mchana pengine alikuwa karani au mwalimu, hutoka uani kwake baada ya magharibi, wakati ardhi imekwisha kuingia gizani ilhali setilaiti, kwa vile iko juu sana, ingali inapigwa na jua, naye ana darubini yake ya macho mawili, ramani ya nyota na stopuwachi. Huiona nukta ikija kimya, akaikadiria baina ya nyota mbili azijuazo, na pale inapoukata mstari unaoziunganisha nyota zile huibonyeza stopuwachi ianze; kisha huingia ndani bila ya haraka, akainua simu na kuisikiliza ile saa isemayo, ambayo Waingereza waliiweka tangu 1936, na mlio wa dakika kamili unapogonga huisimamisha stopuwachi yake. Akiutoa muda ule katika saa aliyosikia, hupata wakati setilaiti ilipopita, na mahodari wao hawakukosea ila kwa sehemu moja au mbili za kumi za sekunde. Kutokana na taarifa kama hizo, pamoja na za kamera kubwa, mwanasayansi Desmond King-Hele na wenziwe wa kituo cha utafiti cha Farnborough walipata kujua jinsi hewa ya juu inavyotanuka na kusinyaa kwa athari za jua, na kupima jinsi umbo la dunia linavyoelekea kidogo kuwa kama tunda la peasi.

Saa waiandikayo ni ya Greenwich daima, hata mwandishi akiwa Toronto au Stockholm. Sisi tulioizoea siku inayoanza kuhesabiwa alfajiri inapokwisha twaweza kuona huko ni kujisumbua, lakini jamaa iliyotapakaa namna hiyo isingalielewana kwa siku mbili lau kila mtu angaliandika saa ya ukutani kwake.

Majina nayo yana kanuni. Hapo mwanzo kila urushaji ulipewa mwaka na herufi ya Kiyunani, na kilichong'aa zaidi kikatangulizwa. Kwa hiyo roketi iliyoibeba Sputnik ndiyo iliyoitwa 1957 Alfa 1, na Sputnik yenyewe, iliyokuwa ndogo na hafifu kwa macho, ikawa Alfa 2, na wengi katika wale waliowasimulia wajukuu zao kwamba waliiona Sputnik ikipita, kwa hakika waliona chombo kilichoipeleka. Tangu 1963 herufi zile zikaachwa, zikaja namba. Kwa mfano, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo mbinguni ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia lililo baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya Kenya, ikaitwa Uhuru kwa ajili hiyo. Katika madaftari ya jamaa hii ni 1970-107A, maana yake urushaji wa 107 katika mwaka ule, na A ndicho chombo chenyewe.

Lakini atakaye kujua ada hizi ziliweza kufika wapi na aitazame shule ya wavulana ya Kettering, mji wa kadiri katikati ya Uingereza, ambako mwalimu wa fizikia Geoffrey Perry na mwenziwe wa kemia Derek Slater, mpenzi wa redio, walianza mwaka 1960 kuwasikilizisha wanafunzi milio ya setilaiti za Kirusi, ili waone kwa masikio yao jinsi sauti ya kitu kikaribiacho inavyokuwa nyembamba na ya kiondokacho kuwa nzito. Kutoka katika somo hilo wakaingia katika tabia ya kuandika: imesikika saa ngapi, imenyamaza saa ngapi, inarudi baada ya dakika ngapi. Warusi wakati huo walikuwa wakivipa vyombo vyao vya kijeshi jina moja tu la Kosmos na namba, bila ya kutaja vilikotoka, na kituo chao kilichojulikana zaidi duniani kilikuwa Baikonur. Tarehe 17 Machi 1966 ikarushwa Kosmos 112, na hesabu za Kettering zikakataa kabisa kuirejesha Baikonur. Hawakupiga kelele. Walingoja zije nyingine zenye njia ya mwelekeo tofauti, wakazirudisha nyuma katika ramani mpaka mistari ikakutana, nayo ilikutana karibu na Plesetsk, kusini ya bandari ya Arkhangelsk, ndipo mwaka huohuo wakautangazia ulimwengu kwamba Warusi wana kituo kipya. Moscow haikukiri mpaka 1983. Watu husifu akili za vijana wale, na ni haki. Mimi nausifu zaidi ule mngojo, kwa kuwa mwenye khabari ya ajabu mkononi akajizuia kuitoa hata ipate shahidi wa pili ni mtu adimu, sembuse akiwa mvulana wa shule.

Kompyuta zilipoanza kupelekeana barua, ada zilihamia humo na vyombo vyake. Wanafunzi Tom Truscott na Jim Ellis wa Chuo Kikuu cha Duke walibuni Usenet, mtandao wa mabaraza ya maandishi, mwaka 1979, na haukupita muda pakawa humo na baraza lililoitwa kwa jina la Columbia, chombo cha Kimarekani kilichoruka mara ya kwanza tarehe 12 Aprili 1981. Barua zilisafiri kwa simu kutoka kompyuta hadi kompyuta, aghalabu usiku gharama zinapopungua, hata khabari ya asubuhi ya Florida ikaweza kumfikia mtu kesho yake. Henry Spencer wa Chuo Kikuu cha Toronto alijizoesha kufupisha magazeti ya urubani kwa faida ya wenziwe, akitia na maoni yake makali, na heshima aliyopata kwa uchapaji ule wapo maprofesa wasioipata. Eugene Miya wa NASA akaona maswali yaleyale yarudiwa kila mara, akayakusanya pamoja na majibu yake. Na kila Septemba, vyuo vilipofunguliwa na wageni wakamiminika, aliyeuliza lililokwisha kujibiwa alielekezwa huko, mara nyingine kwa maneno ya kumvunja mtu moyo. Ukali ule siutetei, kwani katika waliofukuzwa hawakosi waliokuwa na macho mazuri kuliko wenyeji. Siku ya msiba wa Challenger, chombo cha namna ya Columbia, tarehe 28 Januari 1986, watu saba walipofariki sekunde 73 baada ya kuruka, matanga na hesabu viliketi katika baraza moja.

Ugomvi wao mkubwa ni wa siri. Tarehe 28 Februari 1990 Atlantis, chombo kingine cha namna ya Columbia, iliondoka na setilaiti ya kijeshi ambayo Wamarekani hawakutaka kuisema, na baada ya siku chache vikaonekana vipande, wengi wakadhani imeharibika. Mwaka haujesha, watazamaji wa Ulaya wakaona chombo king'aacho wasichokijua, na mwenzao Ted Molczan wa Toronto akakilinganisha hesabu mpaka akakirejesha kwa Atlantis. Wapo waliosema mambo ya dola yaachiwe dola. Wengine wakajibu kwamba kinachopita juu ya paa la mtu kikimulikwa na jua hakiwezi kuitwa siri kwake. Mimi naona hao wa pili wana hoja, maana adui mwenye rada hana haja ya daftari la karani wa Edinburgh, na aliyebaki kufichwa ni raia aliyeilipia roketi ile.