Nani aliyeyarahisishia matusi njia?

Katika mtaa wa Dallas, mjini Embu, baraza limehamia kwenye simu. Chama kina kikundi chake cha WhatsApp, wapangaji wa ploti wana chao, wazazi wa darasa moja wana chao. Mama mboga akikosana na mtu, matusi yanamfikia papo hapo akikata sukuma wiki kibandani, na kikundi kizima kinasoma kimya.

Tumezoea kulaumu malezi. Lakini midomo michafu ilikuwapo kabla ya simu. Kilichoongezeka ni urahisi, na urahisi huo una waliouchora: walioamua kitufe kipi kikae karibu na kidole na kipi kifichwe.

Chukua suala la kutoka kikundini. Hadi mwaka 2022, aliyetoka kwenye kikundi cha WhatsApp alitangazwa kwa wanachama wote kwamba ameondoka. Aliyetukanwa akichoka na kutoka, tangazo hilo liliwapa watesi wake nafasi ya kumcheka upya. Wengi walibaki, wakameza. Mwaka huo kampuni ikabadilisha mpango: sasa wasimamizi pekee ndio hupata taarifa. Mwanamke akaweza kujiondokea bila kelele. Kwa nini tulingoja miaka yote hiyo?

Mshale wa kusambaza nao una historia. Mwaka 2018 uvumi uliosambazwa WhatsApp ulichangia watu kuuawa na makundi yenye hasira nchini India. Januari 2019 kampuni ikaweka kikomo duniani kote: ujumbe mmoja, watu au vikundi vitano kwa wakati mmoja. Aprili 2020, ujumbe uliokwisha kuzungushwa mno ukawekewa kikomo cha mtu au kikundi kimoja, na kampuni yenyewe ikasema usambazaji wa jumbe za aina hiyo ulishuka kwa asilimia 70. Hakuna aliyefundishwa adabu; kilichobadilika ni kitufe.

Mtandao wa X ulikwenda kinyume. Tangu Novemba 2024, uliyemfungia anaweza kuendelea kusoma unachoandika hadharani. Kwa mwanamke anayewindwa, huo ni mlango uliobomolewa.

Kenya ina sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya mwaka 2018, na unyanyasaji ni kosa humo. Ila sheria huja baada ya jeraha, na inamtaka aliyeumizwa abebe ushahidi hadi kituoni.

Suala hili linagusa siasa pia. Mwaka 2022 Embu ilimchagua Cecily Mbarire na Meru ikamchagua Kawira Mwangaza, wanawake wa kwanza kuwa magavana huko. Uchaguzi wa Agosti 2027 unakuja, na wanawake watakaogombea hata udiwani watapitia vikundi hivi hivi.

Kwa hivyo, dada, fungua Mipangilio ya WhatsApp, kisha Faragha, kisha Vikundi, uchague ni nani anayeweza kukuingiza kikundini. Usipogusa hapo, yeyote mwenye namba yako anaweza. Nanyi mnaotengeneza programu hizi, geuzeni mpango huo: ulinzi uwepo tangu simu inapowashwa, anayetaka kuuondoa ndiye atafute kitufe.